Korona Iingie Kwenye Somo la Hisabati

Msikilizaji, mnamo Machi 2020 serikali iliamuru matatu ya viti 14 ibebe abiria 8, na ile ya viti 25 ibebe 15, yaani takriban asilimia 60 ya viti. Kitengela tulilihisi jambo hilo mfukoni kila alfajiri tulipopanda gari la Nairobi. Naomba walimu wetu wa sekondari msingi wairudishe amri ile darasani. Asilimia 60 ya 25 ni 15 kamili. Asilimia 60 ya 14 ni 8.4, na hakuna abiria wa nukta nne. Tuseme nauli ilikuwa shilingi 100. Abiria 8 walipe ngapi ili mwenye gari apate zile 1,400 za gari lililojaa? Ni shilingi 175. Na nyongeza hiyo aibebe nani: abiria, au mwenye gari? Waache watoto wabishane.

Ila hesabu ninayoipenda zaidi ilianzia humu humu Kajiado. Tarehe 13 Machi, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini, cha msafiri aliyekuwa akiishi Ongata Rongai. Kufikia tarehe 20 Mei, visa vilikuwa 1,029. Mwanafunzi wa gredi ya 8 aanze na 1, aongeze maradufu: 2, 4, 8, 16. Akifika mara ya kumi atapata 1,024. Siku 68 zilikuwa zimepita. Kwa hivyo, kwa wastani, visa viliongezeka maradufu kabla ya wiki kuisha.

Mwalimu asiishie hapo, tafadhali. Awaambie waendelee mara kumi nyingine, siku 68 zaidi. Watapata zaidi ya visa milioni moja kufikia mwisho wa Julai. Je, ndivyo ilivyokuwa? La. Mwisho wa Julai visa vilivyothibitishwa vilikuwa kama 20,000. Ni nini kilichoikatisha hesabu? Hapo ndipo mtoto anapofikiri kwelikweli. Atataja barakoa, kafyu, kufungwa kwa shule, vizuizi vya kuingia na kutoka Nairobi vilivyoihusisha Kitengela pia. Mwingine atasema huenda wagonjwa wengi hawakupimwa. Wote wana hoja, na kitabu cha mazoezi hakiwezi kuwapa mjadala kama huo.

Kisha kuna somo la asilimia. Wakati ule kila alasiri tulisomewa idadi ya visa vipya, na wengi tukafurahi ilipopungua bila kuuliza sampuli ngapi zilipimwa. Tuseme siku ya kwanza kuna visa 50 katika sampuli 1,000: ni asilimia 5; siku ya pili kuna visa 40 katika sampuli 400: ni asilimia 10. Siku ya pili idadi ni ndogo, lakini hali ni mbaya zaidi.

Na hesabu hizi si za korona tu. Mnamo Julai 2024 kisa cha kwanza cha ugonjwa wa mpox nchini kiligunduliwa Taveta, mpakani mwa Tanzania. Sisi Kajiado nasi tuna mpaka wa Namanga, na malori hupita Kitengela usiku na mchana. Walimu wasingoje kitabu kipya. Takwimu za 2020 zipo, na watoto hawa walizaliwa kabla ya mwaka huo.