Robine kwenye karte, nyumba kando ya karte
Maneno ya komite ya data mbele ya mkutano mkuu wa wanachama na wafadhili



Mulituomba tueleze kazi ya kompyuta tunayotaka kuanza: kutoa data za vijiji vyetu kupitia API. Tutaeleza kwa lugha ya nyumbani. Halafu tutawaomba mukate shauri, sababu ndani ya kazi hii kuna jambo ambalo fundi peke yake hawezi kuamua.

API ni kama gishe ya biro. Ukihitaji karatasi, hauingie kwenye depo ya dosie. Unasimama gishe, unauliza, karani anaangalia kama swali lako liko sawa, anaenda kutafuta, anakuletea kile una ruhusa ya kuona. Hapa anayeuliza ni programu ya simu ao kompyuta ya mfadhili, na karani ni programu yetu kwenye seva.

Kwa nini tuhitaji gishe? Leo liste ya robine, shule na vituo vya afya inatembea kwa WhatsApp. Kila mtu iko na kopi yake. Robine ikiharibika Fizi, kopi ya Uvira inasema bado inatoa maji, na ile ya Ulaya inasema haijajengwa. Tukiwa na depo moja na gishe moja, wote watauliza mahali pamoja na kupata jibu moja. Kila robine itabeba tarehe ya mwisho mtu wetu alipoiona kwa macho. Robine bila tarehe ni uvumi tu.

Vyombo vyenyewe havina leseni ya kulipa. Depo ni PostgreSQL pamoja na PostGIS, inayojua kupima umbali na kutambua pointi iliyo ndani ya mpaka. Gishe tutaiandika kwa Python, tukitumia FastAPI. Hii inakagua swali mbele ya kulipeleka depo: mtu akileta herufi pahali pa namba, anarudishwa palepale. Jibu linatoka kwa muundo wa GeoJSON, ambao kanuni yake iliandikwa mwaka 2016, na programu za karte karibu zote zinausoma.

Ndani ya kanuni ile kuna kitu kimoja kinachoangusha wengi: longitudo inatangulia, latitudo inafuata. Watu wengi, na simu nyingi, wanasema latitudo kwanza. Uvira iko karibu na longitudo 29.14 na latitudo -3.40. Ukigeuza namba hizo mbili, Uvira inaamkia jangwani Algeria. Ukisahau alama ya kutoa, inapanda mpaka Haut-Uele. Na kompyuta haitalalamika, sababu namba zote zinakubalika duniani. Kwa hiyo karani wetu atapewa mipaka yetu wenyewe: longitudo kati ya 27 na 30, latitudo kati ya -6 na -2. Kitu kikitoka inje ya hapo, hakiingie depo mpaka mtu akiangalie.

Jambo lingine ni mega. Mwanachama anayenunua mega kidogo kidogo hawezi kushusha jimbo nzima ili aone robine ya kijiji chake. Programu itatuma namba nne za kipande cha karte alichofungua: mangaribi, kusini, mashariki, kaskazini. Karani atarudisha vilivyo ndani ya kipande tu, na vikiwa vingi atavigawa kwa kurasa. Kuna kanuni ya kimataifa ya kazi hii, OGC API Features ya mwaka 2019. Tukiifuata, mfadhili hatahitaji kutengenezewa mlango wake wa pekee.

Sasa tufike pahali pazito.

Depo yetu iko pia na daftari ya familia zilizorudi: nyumba, shamba, watoto. Rafiki wengine wametuuliza, kwa nia nzuri, kama gishe inaweza kuonyesha kila nyumba, ili msaada ufike vizuri. Tunaelewa swali. Lakini wengi kati yetu tulivuka ziwa toka Kigoma, tukakuta mtu mwingine analima shamba la baba. Karte inayoonyesha nyani amerudi na analala wapi inaweza kusomwa na mwenye msaada, na inaweza kusomwa na mwenye chuki. Gishe haiwezi kuona moyo wa anayeuliza.

Watu wanasema: basi pungusheni namba. Ni kweli, inasaidia. Digrii moja ya latitudo ni karibu kilometre 111. Desimali tano zinakufikisha karibu metre moja, yaani mlangoni. Desimali mbili zinakuachia kilometre moja na kitu. Lakini kijiji kikiwa na familia moja tu iliyorudi, hata kilometre moja inatosha kuijua. Na tukisogeza pointi ovyo ovyo kila mara mtu anapouliza, atauliza mara mia, atachukua wastani, atafika mlangoni palepale.

Juu ya hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Moja: robine, shule na vituo vya afya vitoke wazi, na namba kamili, kwa kila mtu.

Mbili: familia zitoke kwa hesabu ya kijiji tu, na kijiji chenye familia chini ya tano kiunganishwe na jirani yake. Hesabu hizo zitatengenezwa mbele, ziwekwe pekee. Karani wa gishe hatapewa funguo ya daftari ya familia kabisa. Mtu akimdanganya karani, ao akivunja gishe, atakuta kile ambacho kilikuwa tayari wazi.

Tatu: mipaka ya shamba isitoke hata kidogo. Kwa sheria ya 1973, udongo ni wa Serikali, na haki inaandikwa kwenye sertifika. Laini yetu kwenye karte haimpe mtu shamba. Lakini ikionekana kwenye karte, upande mmoja utaishika kama silaha, na wazee wanaosuluhisha watakuta kesi imekwisha kuharibika.

Kwa wafadhili tunaomba hivi: musaidie kulipa seva na unite za vijana wanaotembelea robine, sababu programu ni ya bure lakini tarehe mpya si ya bure. Na kama ripoti yenu inadai namba za nyumba, mutuambie mbele ya kusaini, tuongee.

Kwa wanachama: pigeni kura kwa kila jambo pekee yake. Munaweza kukubali la kwanza na kukataa la pili. Data ni zenu. Kitu kilichokwisha kutoka kwenye intaneti hakirudi kama sisi tulivyorudi.