Khofu ya Maji kwa Mbwa Mwenye Kiu

Msikilizaji, vita vya Somalia vya 1991 viliwatawanya Wabajuni wa visiwa vya Chula, Chovai na Koyama na wa mji wa Kismayo. Wengi walivuka hadi Mombasa, na wapo ambao hadi leo wana majeraha yasiyoonekana kwa macho. Tiba tunaitafuta kwa daktari na kwa dua. Leo namtaja msaidizi tunayemfukuza kwa mawe: mbwa asiye na mwenyewe.

Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kuwa mtu na mbwa wake wakitazamana, homoni ya oksitosini, ile inayomfunga mama na mwanawe, huongezeka kwa wote wawili. Anayeokoa naye huokolewa.

Na dini je? Madhehebu yetu ya Shafii yanatuamuru kutwaharisha palipoguswa na mate ya mbwa, hayakutuamuru ukatili. Sahihi Bukhari inasimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji khofu yake, yaani kiatu chake cha ngozi, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Mbwa wa Watu wa Pangoni naye ametajwa katika Sura ya Al-Kahf.

Tahadhari ni lazima, maana kichaa cha mbwa huua. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha awahi chanjo.

Lakini bakuli la maji kivulini halimdhuru mtu. Mtoto aliyekulia vitani akiliweka jiwe chini na kuteka maji, ameanza kupona.