Mume Anayekubali: Filamu Iliyosahauliwa ya Mwaka 1964



Anayealikwa kuzungumzia filamu za taharuki ya kisaikolojia hutarajiwa aanze na Psycho ya Hitchcock. Hiyo haihitaji wakili. Leo namsemea yatima: Seance on a Wet Afternoon, filamu ya Uingereza iliyoongozwa na Bryan Forbes, ambaye pia aliiandika kutokana na riwaya ya Mark McShane.

Myra Savage, mkazi wa London, kazi yake ni kuzungumza na wafu. Wateja ni wachache na jina halivumi. Basi anabuni mpango: mumewe, Billy, amteke binti wa tajiri, fidia idaiwe, kisha yeye ajitokeze kusema kwamba ameoteshwa alipo mtoto. Msukumo wa yote hayo, anadai, unatoka kwa Arthur, mwana wao aliyekufa. Sisi tunamfahamu mganga anayefukia hirizi usiku ili aje aifukue mchana mbele ya kadamnasi. Myra ni ndugu yake, ila yeye anauamini uganga wake. Hapo ndipo filamu inapoanza kutisha.

Tazameni chumba alimofichwa mtoto. Kimegeuzwa wodi, na Myra anaingia amevaa sare ya nesi, amtulize “mgonjwa” wake. Binti ana akili, anauliza maswali. Nesi anajibu kwa upole, na upole huo ndio unaosisimua mwili. Hakuna damu wala kisu.

Lakini kwangu mimi mhalifu mkubwa ni Billy. Anajua fika kwamba mkewe hayuko sawa. Anajua wanachofanya ni kosa. Kila mara analalamika kidogo, halafu anakwenda kuwasha pikipiki. Richard Attenborough, ambaye wengi wenu mnamjua kama yule mzee wa Jurassic Park au mwongozaji wa Gandhi, hapa ndiye Billy: amebandikwa pua ya bandia, na anatembea kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo. Anampenda mkewe, ndiyo maana hasemi hapana. Sijaona filamu nyingine iliyoonyesha kwa ukali huu jinsi mapenzi yanavyoweza kuwa woga uliovaa nguo nzuri.

Myra ameigizwa na Kim Stanley, Mmarekani wa jukwaani ambaye sinema alicheza chache mno. Aliteuliwa kuwania Oscar. Tuzo ikaenda kwa Julie Andrews wa Mary Poppins. Sina ugomvi na Mary Poppins, ila nadhani uteuzi huo ndio uliobaki kwenye kumbukumbu na filamu yenyewe ikasahaulika. Wajapani hawakuisahau hadithi hiyo: mwaka 2000 Kiyoshi Kurosawa aliigeuza riwaya ya McShane kuwa filamu ya televisheni. Muione pia, ila muanze na ya Forbes.

Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, inakaribia saa mbili, na mwendo wake ni wa taratibu. Wanafunzi wa uigizaji, zimeni simu na muitazame bila kukatisha. Mwisho sitawasimulia. Nasema tu kwamba kikao cha mwisho cha kuzungumza na wafu, Myra akiwa mbele ya polisi, kilitosha kumpa Kim Stanley ile tuzo.