Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Diani, Ukunda na Msambweni. Tumeyapiga chapa hapa ili wale waliokuwa zamu nao wapate kuyasoma.)



Jambo lililotukutanisha ni hili. Yako maneno yanayosemwa kwamba Pwani yetu ya kusini, tangu Tiwi na Diani hata Msambweni, yafaa ifanywe mahali pa kuwavuta wagonjwa kutoka nchi nyingine. Mgeni aje atengenezwe meno, au macho, au goti, kisha apumzike ufukweni mpaka apate nguvu. Biashara hii huitwa utalii wa matibabu. Sisi tunaotandika vitanda, tunaopika, tunaofua na tunaouguza, yatupasa tuielewe mapema, maana ikija, kwa heri au kwa shari, itatufikia sisi kwanza.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatuikatai. Watu wa Kwale wanajua maana ya kazi inayokuja na kuondoka. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipoanguka mwaka 1988, vijiji vizima vilibaki bila mshahara. Fujo za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii, na wengi wetu tulirudishwa nyumbani. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga mahoteli. Na mgodi wa titani, uliopeleka shehena yake ya kwanza ng'ambo mwaka 2014, ulimaliza kuchimba Desemba 2024. Tena kila mwaka mvua ya Aprili ikianza, vyumba hubaki vitupu na vibarua huambiwa wangoje waitwe. Mgonjwa hafuati jua. Goti linalouma linauma masika na kiangazi. Ikiwa kazi hii italeta mshahara wa miezi 12 badala ya miezi 7 au 8, basi ni jambo la kupokewa vizuri.

Sasa tuangalie wenzetu walivyofanya. Thailand ilipopatwa na msiba wa fedha mwaka 1997, mahospitali ya matajiri wa Bangkok yalibaki bila wateja. Fedha yao ilikuwa imeanguka, kwa hiyo matibabu yao yakawa rahisi kwa mtu wa nje, nao wakaanza kuwaita wageni. Huko India, hospitali ya Apollo ilifunguliwa Chennai mwaka 1983, na leo Wakenya wengi huchangiwa fedha na jamaa zao ili wapelekwe mahospitali ya nchi hiyo. Hapa kwetu Nairobi hupokea wagonjwa kutoka Uganda, Tanzania, Somalia na Sudan Kusini. Kwa hiyo tusidhani kwamba mgeni mgonjwa ni Mzungu peke yake. Huenda akawa ni mfanyabiashara wa Tanga aliyevuka mpaka wa Lunga Lunga, au Mkenya anayeishi Ujerumani aliyekuja kuwaona wazazi wake na kutengeneza meno papo hapo.

Je, sisi tuna nini cha kumpa mgeni huyo? Tuna vyumba, tuna bahari, tuna uwanja mdogo wa ndege Ukunda. Diani ina mahospitali ya watu binafsi, Msambweni ina hospitali ya rufaa ya kaunti, na hapo hapo Msambweni kuna chuo cha KMTC kinachofundisha wahudumu wa afya. Zamani kila mgonjwa aliyetoka uwanja wa ndege wa Mombasa ilimbidi avuke feri ya Likoni, na sote twajua foleni ya feri. Tangu mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu inamfikisha ng'ambo hii bila kuingia kisiwani.

Kuna na wageni ambao hawahitaji upasuaji mkubwa. Chukueni mtu ambaye figo zake zimekufa. Damu yake husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, na kila mara huchukua saa nne hivi. Mtu huyu hawezi kwenda likizo mahali pasipo na mashine hiyo na mtu anayeijua. Akihakikishiwa kitanda cha kusafisha damu karibu na hoteli yake, atakuja na mkewe, atakaa juma mbili, atakula na kulala kama mgeni mwingine.

Lakini mashine peke yake haitibu. Mwaka 2015 Serikali ilianza mpango wa kukodi mashine kubwa kwa ajili ya mahospitali ya kaunti, za figo, za picha na za vyumba vya upasuaji. Baraza la Seneti lilipochunguza mpango huo, ilionekana mwaka 2020 kwamba katika mahospitali kadhaa mashine zilikaa bure, mahali pengine kwa kukosa watu waliofundishwa, pengine kwa kukosa umeme au maji ya kutosha. Hapo ndipo thamani ya mfanyakazi huonekana. Hata ile hati ya kimataifa ambayo mgeni huiulizia kabla ya kuja, kama ile Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi iliyoipata mwaka 2013, haipatikani kwa madaktari tu. Wakaguzi hutazama mikono inavyooshwa, takataka zinavyotengwa, dawa zinavyowekwa na mgonjwa anavyotambuliwa kabla ya kukatwa. Mfagiaji akikosea, hospitali nzima imekosa.

Ndugu zangu, hayo ni mazuri yake. Sasa tutaje hatari zake tatu.

Hatari ya kwanza ni kunyonywa kwa hospitali ya wengi. Muuguzi wa chumba cha upasuaji hapatikani kwa mwaka mmoja. Hospitali mpya ya wageni ikihitaji wauguzi 20 kesho, itawatoa wapi? Itawatoa Msambweni, itawatoa Kwale na Kinango, kwa kuwaongezea mshahara kidogo. Hatumlaumu muuguzi anayekwenda, maana naye ana watoto wa kusomesha. Lakini mama wa Lunga Lunga anayeletwa usiku mtoto akiwa amekwama, atamkuta nani? Thailand yaliwapata hayo hayo: madaktari walihama mahospitali ya shamba wakaenda kwenye mahospitali ya fedha mjini. Wao walikuwa na kinga moja, kwamba tangu mwaka 2002 waliweka mpango wa matibabu kwa raia wote kwa malipo ya baht 30 tu, na Serikali ikalazimika kuzitunza hospitali za wilaya. Nchi isiyokuwa na kinga kama hiyo huumia zaidi.

Hatari ya pili ni damu na viungo vya mwili. Upasuaji mkubwa hutaka damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka mikononi mwetu na mwa watoto wetu wa shule. Lazima ijulikane ni chupa ngapi zinazoachwa kwa wazazi wanaojifungua na watoto wenye malaria kabla ya kumfikia mgeni. Na juu ya viungo, hakuna haja ya kuficha maneno. Mwaka 2025 kulitokea madai mazito kwamba vijana maskini walilipwa ili figo zao wapewe wageni wenye fedha katika hospitali moja ya Eldoret. Wizara ya Afya ilisimamisha kazi hiyo pale na kuunda kamati ya uchunguzi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 hairuhusu kiungo cha mtu kuwa bidhaa. Kijana wa Ukunda asiye na kazi akiambiwa kwamba ubavuni mwake mna shilingi laki kadhaa, ni nani atakayemlinda ikiwa sisi tumenyamaza?

Hatari ya tatu ni yetu wenyewe kazini. Hoteli ikigeuzwa nyumba ya kupona, yule dada anayetandika kitanda sasa atatoa shuka zenye damu na usaha. Dobi ataingiza mkono katika furushi lenye sindano iliyosahauliwa. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye ugonjwa wa ini aina ya B, katika kila watu 100 hata 30 huweza kuambukizwa. Kwa ukimwi hatari ni ndogo, kama watu 3 katika 1,000, na dawa ya kuzuia ipo, ila lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na upesi zaidi ni bora zaidi. Ni wangapi humu waliopata kuambiwa hayo na tajiri wao? Tena tajiri mjanja atamwita dada huyo mfanyakazi wa hoteli siku ya mshahara, na mfanyakazi wa hospitali siku ya kazi. Katika Kenya chama cha KUDHEIHA huandikisha wafanyakazi wa mahoteli na wa mahospitali pia, wauguzi wana chama chao na madaktari wana chao. Nyumba ya namna hii itagusa vyama vyote hivyo. Tukiingia kila mmoja kwa mlango wake, tutagawanywa.

Kwa hiyo twasema kwamba kabla jiwe la kwanza halijawekwa, masharti yetu yawe mezani.

Sharti la kwanza ni kazi ya kuandikwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa. Hospitali haiwezi kuendeshwa kwa watu wa kuokotwa getini kila asubuhi. Kila mwanachama akijue kifungu hicho kama anavyolijua jina lake.

Sharti la pili ni usalama. Chanjo ya ini dozi tatu kwa kila mtu anayegusa shuka, taka au sindano, na gharama iwe ya tajiri. Glavu nene kwa dobi, visanduku vya sindano katika kila chumba, na mahali panapojulikana pa kwenda usiku wa manane mtu akichomwa. Sheria ya Usalama Kazini na ile ya fidia kwa walioumia kazini, zote za mwaka 2007, ziko upande wetu. Taka za hospitali zisitupwe katika mapango ya matumbawe wala karibu na visima vya Tiwi, ambavyo maji yake ndiyo tunayokunywa.

Sharti la tatu ni mafunzo. Nafasi kadhaa katika chuo cha Msambweni zilipiwe na wenye biashara hiyo kila mwaka kwa watoto wa Kwale. Na kila muuguzi anayechukuliwa kutoka hospitali ya umma, alipiwe gharama ya kumfundisha mwingine wa kushika mahali pake.

Sharti la nne ndilo kubwa kuliko yote. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Mwenye shilingi 20,000 hukatwa shilingi 550. Fedha hiyo ni yetu. Hospitali itakayojengwa kwa ajili ya wageni katika ardhi ya Kwale iipokee bima hiyo, na iweke vitanda kwa ajili ya wenyeji, kwa hesabu iliyoandikwa katika mapatano. Mtu anayefagia chumba cha upasuaji asiambiwe kwamba yeye akiumwa apande matatu akatafute pa kutibiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya, na yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Katiba haikuuliza kama mtu huyo ni mgeni au ni dobi.

Sharti la tano ni kwamba mapatano yaandikishwe mahakamani. Kumbukeni yaliyowapata madaktari. Walitia sahihi mapatano na Serikali mwaka 2013, lakini hayakuandikishwa, na miaka ikapita bila kutimizwa. Ikawabidi wagome siku 100, tangu Desemba 2016 hata Machi 2017, na waliotaabika zaidi walikuwa wagonjwa maskini. Karatasi yenye sahihi bila muhuri wa Mahakama ya Kazi ni ahadi tu.

Haya si maneno ya kumtisha mwenye mali. Kama ana akili ataona kwamba masharti haya ni faida yake. Mgeni aliyepasuliwa hatarudi, wala hatamleta ndugu yake, kama kidonda chake kimeoza kwa sababu mfagiaji alikuwa mgeni kazini jana na leo ameachishwa. Mtu anayetegemea kazi yake kesho huifanya vizuri leo.

Basi twawaomba mambo matatu kabla hatujaachana. Kila tawi lichague watu wawili, mmoja wa hoteli na mmoja wa hospitali, wakae pamoja kuyapanga masharti haya. Wajumbe wapeleke barua kwa mwakilishi wa wadi kumwuliza kama kuna mpango wowote ulioletwa mbele ya kaunti, nasi tupewe nafasi ya kusema katika mikutano ya wananchi, kama Katiba inavyotaka. Na kila mmoja wenu aitazame karatasi yake ya kazi usiku huu, aone kama imeandikwa kibarua.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili methali hiyo tuichukue kama ilivyo, neno kwa neno. Mgeni na aje, tutampokea na tutamwuguza. Ila siku tutakapoulizwa kama biashara hii imefaulu, tusihesabu ndege zilizotua Ukunda. Twende Msambweni tuhesabu ni wenyeji wangapi waliopona.

Umoja wetu ndiyo nguvu yetu.