MACHOZI NAYO YANA HAKI
Maneno yaliyosemwa redioni, katika kipindi cha amani, Mulungwishi



Leo sitaanza na sheria, ijapokuwa ndiyo niliyosomea. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Siku moja niliitwa kuzungumza na familia zilizokimbia kutoka upande wa Mitwaba. Nikaona nyuso zimekunjamana, nikafikiri kazi yangu ni kuzichangamsha. Nikaomba kila mmoja aseme jambo moja zuri alilopata tangu afike. Mzee mmoja akasema amepata mahali pa kulala. Kijana akasema amepata rafiki. Tukapiga makofi. Zamu ikamfikia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akanyamaza. Nikamwambia: "Mama, jikaze. Uko hai, na mtoto yuko hai." Akanijibu: "Walikuwa watatu." Kisha akatoka nje.

Tangu siku ile nasikia vizuri zaidi namna tunavyowafunga watu kinywa kwa maneno matamu. "Futa machozi." "Mshukuru Mungu, wenzako wamekufa." "Usiangalie nyuma." "Mwenye imani halii." Wanaosema hivyo si watu wabaya. Mara nyingi wanaogopa tu, kwa sababu machozi ya mwenzako yanakudai: yanakudai ukae, uchelewe shambani, usikilize. Kumwambia achangamke ni rahisi zaidi.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Waliwaonyesha wanafunzi wa kike filamu, nyingine za huzuni, na baadhi yao wakaambiwa wasionyeshe kitu usoni. Uso ulitii. Lakini huzuni yenyewe haikupungua, na moyo na mishipa ya damu vikafanya kazi kuliko kawaida.

Mabibi zetu hawakuhitaji jaribio. Hapa kwetu kilio kina siku zake. Watu wanalala nje, moto unawaka, wanawake wanalia kwa sauti, jirani analeta unga na makala. Hakuna anayefika siku ya kwanza na kumwambia mjane, "Changamka!" Lakini aliyekimbia hakupata kilio. Maiti alimwacha njiani, nyumba aliiacha ikiwaka. Amefika kwetu na kilio ambacho hakuna aliyekikalia, nasi tunamwambia akimalize.

Tena kuna madhara ambayo hayangojei. Binti aliyeharibiwa kwa nguvu, akiambiwa nyumbani "nyamaza, shukuru umerudi", hatakwenda hospitali. Na dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Mama mkwe, mchungaji, mkubwa wa mtaa, neno lenu la kutuliza linaweza kula saa hizo zote.

Sasa nazungumza na wakubwa. Mnaniambia: "Ukiwaacha waseme, utafufua vita." Nawaelewa. Sisi wa upande wa Likasi tuna jeraha letu. Mwaka 1992 mkoa huu ukiitwa bado Shaba, na gavana akiwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, Wakasai walitukanwa mikutanoni, wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Mwezi wa Agosti Mkutano wa Taifa ulipomchagua Etienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, fujo ikawaka. Wakafukuzwa manyumbani, wakafukuzwa kazini. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni ya kwenda Kasai, wengine kwa miezi. Wengi walikufa pale na njiani, hasa watoto. Kati yao walikuwa watu waliozaliwa hapa, ambao Kasai hawakuwahi kuiona. Mwaka 1993 mambo yakafika Kolwezi.

Baadaye wako waliorudi. Tukawapokea namna gani? "Karibu, yamepita, tusiyataje." Tukacheka nao sokoni. Aliyekuta mtu mwingine anakaa katika nyumba yake naye alicheka, halafu jioni akapita kando ya ukuta ule ule. Mimi wa miaka ile niliyajua mambo haya jikoni, nusu nusu, mlango ukiwa umefungwa. Hivyo ndivyo mtoto anavyorithi hasira bila kurithi habari kamili. Hata jirani aliyemficha jirani yake hatajwi, kwa kuwa hakuna kinachotajwa.

Afrika ya Kusini walijaribu njia nyingine. Mwezi wa Aprili 1996 Tume ya Ukweli na Upatanisho ilipoanza kuwasikiliza walioumizwa, Askofu Desmond Tutu, aliyeiongoza, aliinamisha kichwa mezani akalia mbele ya watu wote. Tume ile ilikuwa na makosa yake, na malipo kwa walioumizwa yalichelewa sana. Lakini walioumizwa walisikilizwa hadharani, na nchi yao haikuangukia vita kwa sababu ya kuwasikiliza.

Kwa hiyo, mkubwa, mwache mtu aseme alichopoteza: mtoto, shamba, mbuzi, cheti cha shule. Akimjua aliyemtenda, amtaje mbele yako au mbele ya hakimu. Lakini akianza kusema "kabila fulani wote", hapo msimamishe kwa upole, maana 1992 ilianza hivyo. Na yale anayosema, yaandike. Kifungu cha 30 cha Katiba ya 2006 kinakataza Mkongomani kulazimishwa kukaa nje ya makao yake ya kawaida. Anayelia juu ya nyumba yake analia juu ya haki, na hakuna hakimu atakayeirudisha nyumba ambayo mwenyewe amefundishwa kutoitaja.

Sisemi watu wasicheke. Nimesikia vicheko vikubwa kwa wahamishwa, usiku, watu wakitaniana juu ya bukari ya msaada. Vile walivileta wenyewe.

Yule mama nilimtafuta baada ya siku tatu, nikamwomba msamaha. Alikuwa akichambua majani ya sombe. Nikakaa chini, nami nikachambua, vibaya. Tulikuwa karibu kumaliza alipoyataja majina ya wale wawili. Siyasemi hapa, ni yake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuwaandikisha watoto waliozaliwa safarini. Mwenye karatasi yoyote ya hospitali aiweke tayari.