Kwetu ni Wapi, na Pajulikana kwa Lipi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Murera



Bwana Katibu aliponiletea barua alinitaka nizungumze juu ya miji tuliyotoka na mambo ambayo kila mji wajulikana kwayo. Nilidhani ni jambo jepesi, la kuwachangamsha watu kabla ya chakula. Lakini pamoja na barua ile aliniletea daftari la wanachama, ili nipate kuona watu wetu watoka wapi. Na nilipolisoma niliona kwamba ndani ya jambo hili jepesi mna jambo zito, tena ndilo hilo litakalopigiwa kura leo alasiri.

Daftari letu, kama mjuavyo, lina safu tano: jina, namba ya kitambulisho, kazi, mahali mtu akaapo, na safu ya mwisho iliyoandikwa "Kwao". Katika safu ya nne karibu sote tumeandika neno moja, Murera. Katika safu ya mwisho neno hilo halimo, isipokuwa mahali pamoja tu, ambapo liliandikwa kwa wino wa buluu na kukatwa kwa wino mweusi. Nitaparudia mahali hapo.

Kwanza tuipitie ile safu ya "Kwao". Wamo watu wa Limuru, ambao hatuchoki kuwatania kwa baridi yao. Wao hutujibu kwamba chai ya kwanza katika nchi hii ilipandwa kwao mwaka 1903, na kwamba viatu tulivyovaa tulipokuwa shuleni, kwa wale waliojaliwa viatu, vilitoka katika kiwanda cha Bata cha hapo hapo Limuru. Wamo watu wa Tabaka, katika nchi ya Kisii, ambako jiwe laini huchimbwa na kuchongwa likawa kibakuli, kiboko au sahani. Wamo watu wa Meru, na sifa yao sina haja ya kuitaja, kwa kuwa baadhi ya wazee wanaitafuna hivi sasa huko nyuma.

Wamo pia watu wa Wamunyu, katika Ukambani, na hapo nataka kukaa kidogo. Mgeni anunuapo twiga wa mti huko Mombasa au Nairobi hudhani kwamba Wakamba wamewachonga twiga wale tangu enzi za mababu. Sivyo. Wakamba walikuwa mafundi wa mikono tangu zamani, lakini biashara ile ya vinyago ilianzishwa na mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana, Mutisya Munge. Yeye alifika Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ile ya 1914 hadi 1918, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo. Vita vilipokwisha alirudi Wamunyu, akaketi, akachonga. Jamaa zake wakatazama mikono yake, na majirani wakatazama mikono ya jamaa zake. Baada ya muda watu wa Wamunyu wakaenea nchini na ufundi huo, hata leo wapo wachongaji wao katika chama cha ushirika pale Changamwe, Mombasa. Tazameni basi: sifa ya mji ule ilitoka katika nchi nyingine, kwa watu wa kabila jingine, ikaja imebebwa na mtu aliyekuwa mgeni huko alikojifunza. Wala hapana mtu leo amwambiaye Mkamba wa Wamunyu kwamba kinyago si chake.

Mimi mwenyewe ni mtu wa Bura, katika Taita, na nina kisa cha namna nyingine. Mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda mkahawa Bura mwaka 1893, na vitabu vingi vyasema kwamba hapo ndipo ulipoanzia mkahawa wa Kenya. Lakini ni nani kati yenu ambaye, akisikia neno kahawa, huikumbuka Bura? Mtaikumbuka Kiambu, mtaikumbuka Nyeri, na mtaikumbuka Ruiru. Mbegu ilianza kwetu, sifa ikahamia kwenu. Nimekwisha kuzoea, ingawa huwa naudhika kidogo.

Sasa tuwatazame majirani zetu, kwa maana sisi wa Murera tumewekwa kati ya miji miwili mikubwa kama mtoto alalaye kati ya wazazi wake, na blanketi hutuponyoka pande zote mbili.

Juu ya Thika sitasema mengi, maana yanasemwa kila siku. Ng'ambo ya bahari wengi waliusikia mji ule kwanza kwa kitabu cha Elspeth Huxley kilichotoka mwaka 1959, nacho kimeutaja mji pamoja na miti yenye maua mekundu kama moto. Mwandishi alifika pale akiwa mtoto, wazazi wake wakijaribu kulima kahawa. Kisha yalikuja mananasi, viwanda vya nguo na vya mikebe, na ile shule ya vipofu iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ambayo kwa maoni yangu yastahili kutangulia katika sifa zote za Thika. Lakini sifa haigawanywi kwa haki.

Ruiru ndiyo itufaayo zaidi leo. Wazee mwakumbuka kwamba katika siku za ukoloni Mwafrika wa Kiambu aliichuma kahawa katika debe la mwingine lakini hakuruhusiwa kupanda mche wake mwenyewe. Ruhusa ilikuwa imetolewa katika sehemu chache tu, kama Meru na Kisii, katika miaka ya 1930. Ikaenea kwa wingi baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954. Hata hivyo mkahawa una adui asiyejali ngozi ya mwenye shamba, nao ni ugonjwa wa kuozesha buni changa, ambao ndugu zetu wa Tanzania wauita chulebuni. Hapa Kenya ulitambuliwa mwaka 1922, na mwaka 1968 uliangamiza mavuno kwa namna ambayo haijasahauliwa. Mkulima aliamka akakuta buni zake zimekuwa nyeusi tawini, na dawa ya kunyunyiza ilikuwa ghali kupita uwezo wa mwenye miti mia mbili.

Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa pale Ruiru wakaanza kutafuta mti usioweza kushindwa na ugonjwa huo. Kazi yenyewe ni ya subira. Ua la mkahawa hufunguliwa kabla halijachanua, sehemu zake za kiume huondolewa moja moja kwa vidole, kisha huletwa chavua ya mti mwingine uliochaguliwa na kupakwa kwa mkono. Halafu hungojwa matunda, hupandwa mbegu, hungojwa miaka, na miche mingi hutupwa. Mwaka 1985 mti waliouridhia ulitolewa kwa wakulima. Ni mti mfupi, waweza kupandwa kwa kukaribiana, nao hustahimili chulebuni na kutu ya majani pia. Wakaupa jina la mahali ulipozaliwa: Ruiru 11.

Nawasihi mlifikirie jina hilo. Babu za mti ule walitoka nchi nyingi, na vidole vilivyopaka chavua vilikuwa vya watu waliokuja Ruiru kutafuta kazi kama tulivyokuja sisi. Lakini mti haukuulizwa asili ya babu zake. Uliitwa Ruiru kwa sababu ulizaliwa Ruiru.

Na sasa mji wenyewe wabadilika. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta watu 238,858 Ruiru. Ile ya mwaka 2019 ikakuta 490,120, yaani zaidi ya mara mbili katika miaka kumi. Watu hao hawakulala hewani. Mikahawa iling'olewa ploti zikapimwa. Njiani kutoka Nairobi, kabla hujafika Ruiru, upo mtaa uitwao Kahawa, na makanga wa matatu hulitaja jina hilo mchana kutwa. Shukeni hapo mniletee buni moja.

Hapa karibu nasi kuna sifa nyingine isiyotangazwa. Majumba mengi ya Nairobi na ya miji yetu hii yamejengwa kwa mawe ya Ndarugu, yanayochimbwa upande wa Juja. Fundi yeyote wa ujenzi aijua bei yake, na aweza kukuambia kwa macho kama jiwe ni la Ndarugu au si la Ndarugu. Wengi wa baba zetu walifanya kazi katika machimbo, kwa nyundo na patasi kabla ya kuja mashine za kukata. Lori lilipoondoka na mawe ya inchi tisa kwa tisa, jasho lao liliondoka nalo likaenda kuwa ukuta wa mtu. Yaliyobaki kwetu ni mashimo, ambayo mvua ikinyesha hujaa maji na kuwa hatari kwa watoto. Jambo la kuyazungushia ua limo katika ajenda kwa sehemu yake, nami naliunga mkono.

Basi Murera yajulikana kwa lipi? Wenzetu wa mbali hata hawalijui jina. Mtu wa Murera akiulizwa na mgeni husema "natoka upande wa Thika", au "karibu na Ruiru", au siku hizi "kule Juja kwenye chuo kikuu". Jina letu lipo katika orodha ya wadi za kaunti, na katika safu ya nne ya daftari letu.

Nilisema nitaparudia mahali palipokatwa. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alijiunga na chama hiki. Mama yake aliwahi kuchuma buni katika mashamba ya hapa; yeye alizaliwa hapa, akasoma hapa, akafanya kazi ya kupiga plasta hapa. Jina lake silitaji, kwa kuwa mama yake ameniomba nisilitaje. Katika safu ya "Kwao" aliandika Murera. Aliyekuwa akiliweka daftari wakati huo aliona kwamba kijana amekosea, akalikata neno lile, akaandika kijiji cha marehemu baba yake, safari ya siku nzima kutoka hapa. Mwaka jana kijana yule alifariki. Kanuni yetu yasema kwamba msaada wa mazishi ni gharama ya kumsafirisha mwanachama hadi mahali palipoandikwa katika safu ya mwisho. Tukafuata kanuni. Fedha zote ziliishia katika gari. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioisindikiza maiti, na tulipofika, mzee mmoja wa kijiji, mtu mwema kabisa, alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini marehemu aliitwa nani. Rafiki zake waliokua naye hawakuwa na nauli ya kufika. Mama yake hajaweza kwenda tena kulitazama kaburi.

Wino mweusi ule ni wangu, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiliweka daftari.

Najua wazee watakaopinga wana sababu, wala si sababu ndogo. Wanasema mtoto akiandika Murera, kesho ndugu zake wa asili watamwambia hana sehemu katika shamba la babu. Tena wanakumbuka miezi ile ya mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu walipoambiwa warudi kwao; na aliyekuwa na kwao pa kukimbilia alishukuru Mungu. Mimi sisahau. Nilifunga mizigo yangu mwenyewe usiku mmoja, nikaifungua baada ya siku nne. Kwa hiyo sishauri kwamba neno "Kwao" lifutwe, wala kwamba mtu yeyote alazimishwe kuiacha asili yake.

Nashauri hivi, na Bwana Katibu anayo maneno yenyewe kwa maandishi. Safu ya mwisho igawanywe iwe mbili: ya kwanza iandikwe "Asili ya wazazi", na ya pili "Mahali mwanachama apaitapo nyumbani", nayo ijazwe na mwanachama kwa mkono wake mwenyewe, asiikate mtu mwingine. Msaada wa mazishi utolewe kwa kufuata safu hiyo ya pili. Na ikiwa mahali hapo ni Murera, fedha ambazo zingelipa gari zitumike kwa kaburi na kwa wale walioachwa.

Wengine wameniuliza pembeni: tuandike nyumbani mahali pasipo na sifa yoyote? Wamunyu haikuwa na vinyago mwaka 1910. Katika darasa la watoto wetu wa Jumamosi yumo binti achoraye ramani za nyumba kwa rula na penseli kwa namna iliyomshangaza fundi mkuu wa ujenzi; yumo mwingine ambaye redio zote zilizoharibika za mtaa huu hupelekwa kwake. Sijui watafika wapi. Wote wawili wamezaliwa hapa.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na harufu ya pilau imeanza kuwashughulisha wasikilizaji. Kwa upande wangu, safu zote mbili nitaandika Bura, maana nimezeeka na mlima ule wanijia usingizini. Lakini naomba kwamba kabla ya kura kupigwa, mama wa yule kijana, aliyeketi mstari wa tatu, apewe nafasi ya kusema akitaka kusema. Na kura ikipita, ule mstari wenye wino mweusi uandikwe upya mbele ya mkutano huu, kama alivyouandika mwenyewe.