Usajili wa Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana na Msaada wa Umma kwa Familia: Hali ya Mlezi wa Nyumbani katika Kata ya Moshono, Jiji la Arusha

Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya semina ya watendaji wa mitaa, maafisa ustawi wa jamii na wamiliki wa vituo vya kulelea watoto wa Kata ya Moshono, ambao waliomba kufafanuliwa utaratibu wa usajili wa vituo pamoja na nafasi ya fedha za umma katika malezi ya watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Kwa kuwa utaratibu wa usajili unafahamika kwa wengi wa washiriki, utapitiwa kwa ufupi. Sehemu kubwa ya mada inamhusu mtu ambaye fomu za usajili hazina mahali pa kumwandika, yaani mwanamke anayelea watoto wa majirani katika chumba chake cha kupanga.

Istilahi na msingi wa sheria

Mtoto, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana ni mahali ambapo watoto walio chini ya umri wa shule hupokewa na kutunzwa kwa saa kadhaa za siku bila kulala hapo. Usajili ni kibali cha kuendesha kituo hicho baada ya ukaguzi, na ruzuku ni fedha ya umma inayompunguzia mzazi gharama ambayo angeilipa mwenyewe.

Huduma hii si ngeni nchini, kwani Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioundwa mwaka 1962, uliendesha vituo vya aina hiyo, na mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria mahususi ya vituo vya kulelea watoto, ambayo baadaye ilifutwa na Sheria ya Mtoto na mambo yake kuingizwa humo. Usimamizi umegawanyika: sera iko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyoundwa Januari 2022, afisa anayekagua ni mtumishi wa halmashauri chini ya TAMISEMI, na darasa la awali liko chini ya mamlaka ya elimu. Mgawanyo huo una sababu zake za kiutawala, nao hautajadiliwa hapa.

Pengo lisilo na fedha ya umma

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na elimumsingi bila ada, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016, inampokea mtoto katika darasa la awali akiwa na umri wa takribani miaka mitano. Kati ya vipindi hivyo viwili hakuna mpango wa kitaifa wa kulipia malezi ya mchana. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF huzipa kaya fedha na kuzitaka zipeleke watoto wadogo kliniki na wakubwa shuleni, lakini hauna sharti wala fungu linalohusu mahali anaposhinda mtoto wa miaka miwili mama anapokuwa kibaruani. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 na kupangiwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, inawatambua watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, nayo ilikuwa hatua kubwa, ingawa programu si bajeti.

Mlezi wa nyumbani

Moshono ni kata ya pembezoni mwa jiji ambako mashamba ya ukoo, yaliyokuwa ya migomba na mahindi, yamekatwa viwanja na kujengwa nyumba za kupanga. Katika boma la zamani mtoto aliachwa kwa bibi, na hakuna aliyehitaji kibali. Mpangaji wa leo, aliyetoka Singida au Kondoa kufuata kazi, hana bibi wa karibu. Huondoka alfajiri kwenda kwenye mashamba ya maua ya Arumeru, hotelini, au katika masoko ya Kilombero na Tengeru, na mtoto humwachia mama wa nyumba ya jirani kwa malipo ya siku. Mama huyo akishapokea watoto kadhaa, mbele ya sheria anaanza kuonekana kuwa anaendesha kituo, na kwa kuwa hana cheti, anaonekana kuwa anakiendesha kinyume cha sheria.

Masharti ya usajili yanataka eneo linalofaa, hewa na mwanga, maji safi, vyoo vya watoto, mahali pa kuchezea, usalama wa mazingira, ripoti ya afisa afya na walezi wenye mafunzo. Hakuna hata moja kati ya hayo lisilo na sababu, na mada hii haikusudii kuyabeza. Hata hivyo, yameandikwa kwa kumfikiria mwenye kiwanja. Mpangaji hawezi kuchimba choo katika uwanja wa mtu mwingine. Mwenye nyumba naye husita kuandika barua ya ridhaa kwa kuhofia kodi na wakaguzi, na hata aliye tayari mara nyingi hana hati ya kuambatisha, kwa kuwa kiwanja bado ni cha urithi usiogawanywa. Mafunzo yanayotambulika hupatikana katika vyuo kama kile cha Kisangara, wilayani Mwanga, ambako mwanamke anayeishi kwa malipo ya siku hawezi kwenda kukaa miezi kadhaa.

Anayeweza kutimiza masharti yote hulazimika kurudisha gharama alizotumia, na njia inayojulikana ni kukigeuza kituo kuwa shule ndogo, yenye sare, basi, Kiingereza na kazi za nyumbani kwa watoto wa miaka mitatu, kwa ada ambayo kibarua wa maua haimudu. Hivyo usajili, ambao lengo lake ni kumlinda mtoto, humlinda zaidi yule ambaye mzazi wake ana kipato, ilhali mtoto mwenye hatari kubwa zaidi hubaki mahali ambapo mkaguzi hafiki.

Akifika, hali haiwi nafuu. Kufunga kituo kisichosajiliwa ni kazi ya asubuhi moja, lakini hakuna aliyekabidhiwa jukumu la kuuliza watoto wale walishinda wapi siku iliyofuata. Kwa kawaida hurudi kwa dada yao wa miaka kumi, ambaye huacha shule, au hufungiwa ndani, au huhamia kwa mlezi mwingine asiyejulikana. Afisa naye yumo katika mtego: taarifa ya robo mwaka huuliza idadi ya vituo vilivyosajiliwa na vilivyofungwa, na afisa anayeandika kwamba anawafahamu walezi kadhaa wasio na cheti hutakiwa aeleze kwa nini hajawafungia. Njia salama kwake ni kutowafahamu. Jambo hili limesemwa katika vikao vingi kwa miaka mingi, likaandikwa katika kumbukumbu za vikao hivyo, na fomu ya taarifa imebaki ilivyo.

Uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kwamba usajili na ruzuku vinaweza kufungwa pamoja. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1990 iliyofanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2014, serikali kuu huzipa serikali za majimbo fedha za kusaidia familia za kipato cha chini kulipia malezi. Mzazi huchagua mlezi, na mlezi hulipwa sehemu ya ada akikubali kukaguliwa na kufuata masharti ya afya na usalama. Majimbo mengi humsamehe leseni bibi au shangazi, na huwawekea walezi wa majumbani masharti mepesi kuliko ya vituo vikubwa. Mpango huo nao una upungufu, kwani familia nyingi zenye sifa hazifikiwi, lakini funzo lake ni kwamba mlezi hujitokeza mwenyewe pale ambapo kujulikana kunamletea kitu. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeviweka vituo vya malezi ya watoto miongoni mwa kazi za kaunti, na hivyo mwananchi anajua mlango wa kubisha.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwanza kwamba kila serikali ya mtaa ifungue daftari la walezi wa nyumbani, ambalo litakuwa la utambuzi na si la usajili, kwa kuwa kubadili kanuni ni mamlaka ya Waziri, ilhali wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto tayari umewekwa na Sheria ya Mtoto mikononi mwa halmashauri. Mlezi atakayeandikwa atimize masharti machache yanayohusu uhai: jiko na moto viwe mbali na watoto, ndoo na visima vifunikwe, dawa ziwekwe juu, idadi ya watoto iwe na kikomo, na watu wazima wote wanaoishi katika nyumba hiyo wajulikane kwa mwenyekiti wa mtaa. Daftari hilo lisitumike kufungia mtu katika kipindi kitakachokubaliwa, vinginevyo hakuna atakayejiandikisha.

Inapendekezwa pia kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na ambayo asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya wanawake, ifikie vikundi vya walezi waliomo katika daftari, kwa ajili ya magodoro, matangi ya maji na vyoo. Lakini mkopo si ruzuku, na mlezi anayelipwa na vibarua hawezi kuurejesha kwa kupandisha ada. Kwa hiyo halmashauri ianze, hata kwa mitaa miwili, kulipia sehemu ya ada ya watoto wa kaya zilizo katika mpango wa TASAF, na malipo hayo yaende kwa mlezi aliyetambuliwa tu. Walezi wapewe mafunzo mafupi ya Jumamosi hapa hapa katani na wahitimu wa Kisangara walio karibu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024, waongeze nyumba za walezi katika ziara zao. Afisa ustawi wa jamii atengewe mafuta, kwani ukaguzi usio na usafiri hufanyika kwa simu. Pasifungwe mahali popote, isipokuwa penye hatari ya papo kwa papo, kabla ya kuandikwa kila mtoto atapokelewa wapi. Fomu ya taarifa ya robo mwaka iongezwe safu ya walezi waliotambuliwa, ili kumfahamu mlezi asiye na cheti kuhesabiwe kuwa kazi iliyofanyika, na, kama ilivyokwishasemwa, daftari lisiwe mtego.

Kati ya mapendekezo haya, yale ya daftari, mafunzo ya Jumamosi na fomu hayahitaji fedha nyingi na yanaweza kuanza kwa maelekezo ya Mkurugenzi wa Jiji. Yale ya ada na mafuta yanahitaji kifungu, hivyo yapelekwe katika Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema, kabla halmashauri haijaanza kupokea makisio ya mwaka wa fedha ujao, yakiwa na majina ya mitaa, idadi ya walezi na kiasi kinachoombwa kwa kila mtoto.